Tui Lisikatike

Chumba chetu kiko Tudor, nyuma ya duka la magodoro:
dirisha moja, friji mbili, moja mbovu.
Hapa ndipo tunapochanganya maji na mafuta
na kuyaomba yapatane.

Ndani ya maji kimo kirusi cha kideri.
Tumekiua, tumekiachia sura tu:
mwizi aliyekufa, picha yake ukutani,
ili wenye nyumba wawajue ndugu zake wakija.
Lakini mwili wa kuku una usingizi mzito.
Huitazama picha, hupiga mwayo, hupita.

Kwa hiyo mafuta.
Mafuta hayana ugomvi na kirusi.
Kazi yao ni kukaa ndani ya nyama, wiki baada ya wiki,
kama jirani asiyefunga mdomo:
Mmemwona huyu? Mtazameni vizuri. Mtazameni pua.
Mpaka mwili unaamka na hasira zake.
Vitabuni ana jina refu. Mimi humwita Mchongezi,
na Daktari Shebwana, asiyecheka kabla ya saa nne,
siku hiyo alicheka saa mbili.

Machi tulishindwa mara sita.
Joto la Mombasa halina adabu,
linaingia chupani bila hodi.
Jioni dawa nyeupe kama maziwa,
asubuhi maji chini, mafuta juu,
na kati yao mstari
ulionyooka kama talaka.

Nikaenda Mwakirunge kwa shangazi Mbeyu.
Banda lake tupu tangu mwaka juzi:
kuku arobaini na mmoja kwa siku tano,
shingo zimepinda kama zinazouliza swali,
kinyesi cha kijani, kisha kimya.
Bado analifagia kila Ijumaa.
"Vumbi halilipi kodi," husema, "nalitoa."

Nilimkuta jikoni, tui zito motoni.
Akanipa mwiko kabla ya kiti.
"Koroga. Moto usizidi, mkono usikome.
Likikatika, hata ulililie, halirudi."
"Upande mmoja tu, shangazi?"
"Upande mmoja. Na hiyo simu iache ilie."

Sitasema mwiko ndio uliotupa jibu.
Jibu lilitoka kwenye majedwali, kipimajoto,
kiunganishi cha tatu tulichokijaribu,
na mashine tuliyoizungusha polepole
kuliko kitabu kilivyoagiza.
Lakini mkono wangu ulikwisha kujua.
Chupa ya saba ilikaa siku tisini, nyeupe.

Niandike na hili, maana daftari la maabara
halina safu yake.
Kuku kumi na wawili tuliwachanja.
Kumi na wawili hatukuwachanja.
Wote walikula pumba moja,
wote walikimbilia mlangoni wakisikia viatu vyangu.
Nambari ishirini na nne, tetea wa madoa,
alizoea kudonoa kifungo cha koti langu,
cha pili kutoka chini, hicho hicho kila siku.
Kura ilimwangukia upande wa wasiochanjwa.

Tuliwapeleka kituo chenye milango mitatu,
huko ndiko kirusi hai kinakoruhusiwa kukaa.
Siku ya nne shingo yake ikauliza lile swali.
Sikungoja amalize kuuliza.
Nikaandika: 24, saa kumi na moja alfajiri.
Kifungo kilikuwa kimelegea. Sijakishona.
Ng'ambo ya ukuta, kumi na mmoja kati ya kumi na wawili
walikuwa wakigombania pumba.

Daktari Shebwana anasema kumi na mmoja ni wengi.
Anasema pia kwamba ni kumi na wawili tu,
kwamba kuna jaribio la pili, na la tatu,
na vibali, na mtu ofisini mwenye muhuri
ambaye yuko likizo.

Leo shangazi amepiga simu.
Hakuuliza dawa.
Ameuliza kama banda alipake chokaa sasa
au angoje mvua zipite.

Nimenyamaza kidogo.
Friji mbovu ikaguruma, ikanyamaza nayo.
Nimemwambia apake.